Dada Yangu na Mafuta ya Mkaratusi

Dada yangu alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Tulipokuwa wadogo jina hilo hatukulijua. Nyumbani tulisema tu "miguu ya dada", kama vile miguu ndiyo iliyokuwa ikiumwa na yeye mwenyewe mzima. "Leo miguu ya dada imeamka," mama alikuwa akisema, na sisi wengine tulijua kwamba siku hiyo hatutapiga kelele, na kwamba maji yote ya moto ni ya dada.

Mama alifariki bila kuamini kwamba mwanawe angefika utu uzima. Alifika. Alisoma mpaka kidato cha nne akikosa shule zaidi ya kuhudhuria, akafaulu, akafanya kazi ya kuuza kwenye duka la vifaa vya shule hapo mjini, akachumbiwa, na uchumba ukavunjika pale mama wa yule kijana alipomkuta kitandani akiugulia maumivu siku ya kwanza aliyokuja kumtembelea. Baada ya hapo akahamia kwangu, mtaa wa Bombambili. Mimi ni mdogo wake, ila kwa habari ya kubeba ndoo na kuosha na kuamka, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Nafuma masweta ya shule kwa mashine, kwenye chumba cha mbele. Mwezi wa sita baridi ya Songea inaposhuka, ndipo kazi yangu inapochangamka, na ndipo damu ya dada inapogoma. Baridi iliyonilisha mimi ndiyo iliyomla yeye. Nilikuwa nafuma huku namsikiliza upande wa pili wa ukuta. Kwanza alikuwa kimya. Halafu alianza kuhesabu pumzi kwa sauti ya chini. Akifika hapo nilijua maumivu yameshatoka kwenye muundi yamepanda nyonga, na niliiacha mashine.

Tulikuwa na mambo yetu ya kufanya. Maji mengi ya kunywa, ya vuguvugu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitenge. Vidonge vya hospitali. Uji. Yakizidi, tulichukua bajaji kwenda kudungwa sindano na kuwekewa dripu. Kwenye wodi walitufahamu. Wengi walimpokea vizuri, lakini kulikuwa na muuguzi mmoja aliyemwambia mbele ya watu, "Wewe dada umezipenda hizi sindano." Tangu siku hiyo dada akawa anasubiri maumivu yafike mahali pasipovumilika ndipo akubali kuondoka nyumbani.

Mafuta ya mkaratusi yaliletwa na shangazi, dada wa baba, anayeishi njia ya Peramiho. Nyuma ya nyumba yake kuna mikaratusi mirefu iliyopandwa na marehemu mume wake kwa ajili ya nguzo na kuni. Shangazi alijifunza kwa mwanamke mwenzake kukamua mafuta kutoka kwenye majani. Anajaza majani kwenye pipa, anaweka maji kidogo chini, anafunika na kuziba pembeni kwa udongo, anawasha moto. Mvuke unatoka kwa bomba la shaba linalopita kwenye beseni la maji baridi, na upande wa pili yanadondoka maji na mafuta. Mafuta yanaelea juu. Kwa pipa zima la majani unapata chupa ndogo tu, na harufu yake inakaa kwenye nguo wiki nzima.

Alipotuletea chupa ya kwanza alikaa kitandani kwa dada na kuimimina kidogo kwenye kijiko kilichokuwa na mafuta ya alizeti.

"Matone machache tu," alisema. "Hayapakwi yenyewe, yataunguza ngozi. Usipake karibu na macho. Akija mtoto hapa ndani, chupa ifichwe. Na hayaendi mdomoni. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi," nilisema.

"Nawe?"

"Nimesikia," dada alisema, uso ukiwa kwenye mto.

Shangazi akamsugua miundi yote miwili, taratibu, kwa viganja, kutoka kifundo cha mguu kwenda juu. Ni mwanamke mwenye mikono mikubwa iliyopalilia mahindi na tumbaku maisha yake yote. Chumba kilijaa harufu ile kali inayofungua pua. Baada ya muda dada alishusha mabega. Halafu akalala. Mimi na shangazi tukabaki tunamtazama tusiamini.

Sitadanganya kwamba yaliponya. Hayakuponya kitu. Lakini yalimpa usingizi wa saa moja, mara nyingine mbili, na mtu asiyejua maumivu yale hawezi kujua saa moja ni mali gani. Nikawa namsugua mwenyewe kila jioni baada ya kazi. Nilipokuwa na mafua mazito, dada aliniwekea matone kwenye beseni la maji ya moto, nikafunika kichwa kwa kanga nikavuta ule mvuke, tukacheka kwa jinsi nilivyotoka na macho mekundu. Hayo yalikuwa maisha yetu na ile chupa. Ilikaa kwenye rafu, karibu na biblia na dawa zake za kila siku.

Mwaka ule baridi ilikuja mapema na haikutaka kuondoka. Ukungu ulikuwa unakaa mpaka watu wanatoka kanisani. Dada alilazwa, akatoka, akalazwa tena, akatoka. Safari hii maumivu yalishika nyonga na mgongo, na mafuta hayakufika huko. Nilimsugua mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa ananiambia, "Sugua zaidi," nami nilikuwa nasugua zaidi, naye anasema, "Yanaishia juu. Yanaishia kwenye ngozi."

Alikonda. Macho yakawa ya njano kama bizari. Kuna asubuhi moja nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kwa sababu godoro lilikuwa linamuumiza.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi sitaki tena kuwa jasiri. Waambie watu kanisani waache kuniita jasiri."

Nilimletea maji. Nilikuwa natoka kwenye chumba kile naenda kulia chooni, kisha nanawa uso na kurudi kufuma, maana masweta yalikuwa yanadaiwa na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Wakati huo ndipo mtu alipomtumia dada sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Ilikuwa inazunguka kwenye makundi: mwanamume anayejiita mtaalamu wa tiba asili anaeleza kwamba mafuta ya mkaratusi, yakinywewa, yanaingia mpaka kwenye uboho ndani ya mifupa na kuisafisha damu ya mgonjwa wa selimundu. Anasema hospitali hawataki ujue. Mimi niliisikia baadaye kabisa. Kilichoniumiza ni kwamba mtu yule ana sauti nzuri. Anazungumza polepole, kama mtu anayekuonea huruma. Anasema "mgonjwa wangu mpendwa". Dada alikuwa ameisikiliza mara nyingi bila kuniambia.

Siku yenyewe nilikwenda mjini kupeleka mzigo wa masweta kwenye duka la sare. Nilimwacha amelala, chai kwenye chupa pembeni yake, simu mkononi. Mama jirani, mjane tuliyepakana naye ukuta, alisema atamchungulia. Niliporudi mchana nilianza kusikia harufu kabla sijafika mlangoni. Nilifikiri chupa imeanguka na kuvunjika.

Dada alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameshika ukuta. Aliponiona alicheka, halafu akataka kuja kwangu, miguu ikapepesuka akakalia kitanda kwa kishindo. Aliongea kama mlevi. Maneno yalikuwa yanaanza na kuyeyuka. Kwenye stuli palikuwa na kikombe cha chai chenye utando wa mafuta juu, kijiko, na chupa. Jana yake nilikuwa nimemsugua kutoka kwenye chupa hiyo na nilijua ilikuwa imefika wapi. Sasa ilikuwa imebaki chini kabisa.

"Umekunywa?" nilimshika mashavu. "Dada, umekunywa haya?"

"Koo linaungua," alisema. "Lakini yanashuka. Nayasikia yanashuka."

Nilipiga kelele. Mama jirani akaja mbio na watu wengine wawili. Mtu akaleta maziwa. Mama jirani akamwinamisha kichwa, akamtia kidole kooni ili atapike, na kabla sijajua kama hiyo ni sahihi au si sahihi dada alikuwa ametapika, amepaliwa, anakohoa kikohozi kisicho na sauti, uso umebadilika rangi. Wote tulikuwa tunataka kumwokoa. Nilimlaza ubavu. Nilichukua ile chupa nikaitia kwenye mfuko wa gauni, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu sikutaka ibaki pale ndani.

Kwenye bajaji alikuwa amelala mapajani kwangu. Tulipofika kwenye lami mwili wake ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka wote, meno yakisaga, na dereva akageuka akaona, akaanza kupiga honi bila kuacha. Nilimshika kichwa kisigonge chuma. Nilikuwa nasema, "Bado, dada, bado, bado." Sijui nilikuwa namwambia nini.

Kwenye mlango wa mapokezi ya dharura mama jirani, aliyepanda nasi, alininong'oneza sikioni: "Usiseme amekunywa. Watasema alitaka kujiua. Wataita polisi. Sema ni ule ugonjwa wake."

Niliyafikiria maneno hayo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Niliwafikiria watu wa kanisani. Nilifikiria jinsi jambo kama hilo linavyoganda kwenye jina la mtu. Daktari, kijana aliyevaa sweta chini ya koti jeupe, alikuwa tayari ameinama juu ya dada na kunusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Mafuta ya mkaratusi," nilisema. "Amekunywa." Nikatoa chupa mfukoni. "Ilikuwa imefika hapa. Yeye ana selimundu."

"Ametapika?"

"Tumemtapisha. Na maziwa kidogo."

Akaita watu. Walimsukuma ndani, wakamwekea oksijeni. Baadaye alinieleza bila kunikaripia. Mafuta ya aina hii yakimezwa yanashambulia ubongo, mtu anasinzia, anapepesuka, anaweza kupata degedege na kuacha kupumua. Na ukimtapisha, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Asipewe kitu, aletwe tu, haraka, pamoja na chupa.

"Umefanya vizuri kusema ukweli," alisema. Halafu akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Alitaka kujiua?"

"Sijui," nilimjibu. Na kweli sikujua. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na jibu hilo moja tu, nikaona kwamba mimi ninayemwogesha na kumlisha, sijui kama dada yangu anataka kuishi.

Aliamka polepole kutoka kwenye ule usingizi wa mafuta, lakini kifua kikaharibika. Alipata homa, pumzi zikawa fupi kama za ndege aliyeshikwa mkononi, na daktari akasema kwa mgonjwa wa selimundu kifua ndicho kinachoua. Ikatafutwa damu. Watu wa jumuiya yetu ndogo ya kanisani walikuja kuchangia, wanaume wenye mikono ya mashambani wamekaa foleni na mikono ya mashati imekunjwa. Mimi nilikuwa nasimama kwenye mlango wa wodi natazama damu ikidondoka kutoka kwenye mfuko. Niliacha kuomba apone. Nilikuwa naomba tu asiumie, kwa namna yoyote Mungu atakayoona, na nilipotambua nilichokuwa naomba niliogopa, nikaacha kuomba kabisa.

Shangazi alikuja kutoka njia ya Peramiho siku iliyofuata. Hakuingia. Nilimkuta nje amekaa chini kwenye msingi wa ukuta wa wodi, kanga ameivuta mpaka usoni.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. "Baba yako mkubwa amenipigia simu," alisema. "Anasema mimi ni mchawi wa kizungu. Anasema nimemnywesha mtoto wa marehemu sumu kwa chupa." Akaniangalia. "Nimemuua?"

"Yuko hai, shangazi. Ingia umwone."

"Nitaingia nikiwa na harufu hii?" Akanyoosha mikono yake. Kweli, ilikuwa inanukia. "Mimi nilisema hayaendi mdomoni. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Nilisema," alirudia, na akaanza kulia bila kujifuta. Aliondoka na gari la mchana bila kumwona.

Dada aliporudiwa na sauti, jambo la kwanza aliomba kitana. Nilimchana nywele. Wagonjwa wengine walikuwa wanakula. Nilisubiri mpaka nikawa nyuma yake, pale asipoweza kuniona uso.

"Dada, ulitaka kufa?"

Alishika ukingo wa kitanda.

"Hapana," alisema. "Nilitaka yafike ndani. Wewe ulikuwa unasugua, unasugua, nami nayasikia yanabaki juu. Nikafikiri, kama yanatuliza ngozi namna hii, je, yakifika kwenye mfupa wenyewe?" Akapumzika kidogo kutafuta pumzi. "Yule mtu alisema vijiko viwili. Vijiko viwili havikufanya kitu. Nikaongeza."

"Sawa," nilisema.

"Lakini na hili nikuambie, kwa sababu umeuliza. Kama ningekufa, nisingelalamika."

Niliendelea kumchana mpaka muuguzi alipokuja na vidonge.

Daktari alikaa naye kabla hajaruhusiwa. Alimwambia kusuguliwa miguu kwa mafuta yaliyozimuliwa si kosa, na kwamba joto na mikono ya mtu vinasaidia. Alimwambia asiache dawa zake za kila siku, na aje mapema maumivu yanapoanza, asisubiri. Dada akamweleza kuhusu yule muuguzi na sindano. Daktari aliinamisha kichwa. "Samahani," alisema. "Njoo mapema hata hivyo. Uniulizie mimi." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba radhi kwa jambo lile, na dada alilia njia nzima kurudi Bombambili.

Shangazi aliacha kazi ile. Alilaza pipa chini, kuku wakaanza kutaga ndani yake. Wateja wake wa Songea walipompigia simu aliwaambia majani yamekwisha. Nyumbani kwetu hakukuwa na tone, na hakuna aliyelitaja.

Halafu baridi ikarudi. Tulikwenda hospitali mapema kama tulivyoambiwa, na ilisaidia. Lakini kuna maumivu madogo, yale ya jioni, yasiyostahili kitanda cha wodi na yasiyoondoka kwa vidonge. Nilimsugua kwa mafuta ya alizeti matupu. "Hayana kitu," alisema, akageukia ukutani. Jioni ya pili hakutaka hata niguse.

Nikapanda gari kwenda kwa shangazi. Nilimkuta anapukuchua mahindi ukumbini. Nilipiga magoti kumsalimia, nikabaki hapo hapo chini.

"Shangazi, nimekuja kuomba mafuta."

"Hakuna."

"Kuna miti nyuma ya nyumba."

"Miti ni ya kuni." Hakuacha kupukuchua. "Siku atakapokufa, na atakufa, maana sote tutakufa, watasema ni mafuta. Unataka niishi na hilo?"

"Watasema," nilikubali. "Lakini anaumia leo. Shangazi, sina kitu kingine. Nimemaliza vitu vyote. Sina kabisa."

Sikuwa nimepanga kulia. Nililia kwa kelele, kama mtoto, juu ya magunzi. Shangazi aliniacha nilie. Mafuta hakunipa. Alinipa mahindi ya kubeba, akanisindikiza barabarani, akasimama mpaka gari likaja. Nilifika nyumbani nikamwambia dada nimekwenda kumjulia hali shangazi tu.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa kwenye mashine, nilisikia hodi. Alikuwa shangazi, na mkoba wake wa kanisani. Kabla hajakaa nilishaisikia ile harufu. Chupa aliyoitoa ilikuwa kubwa kuliko zile za zamani. Alikuwa ameshachanganya mwenyewe huko huko nyumbani, matone machache kwenye mafuta ya alizeti, ili asibaki mtu na mafuta makali mkononi. Alinawa, akaenda chumbani, akaifunua miguu ya dada. Hawakuwa wameonana tangu siku zile. Dada alianza kuomba msamaha, shangazi akamkatiza, "Nyoosha mguu."

Tangu hapo anakuja Jumamosi, na katikati ya wiki akipata gari. Anasugua, anakunywa chai, anafunga chupa, anaitia mkobani na kuondoka nayo. Siku asizokuja hatuna, na dada anazijua siku hizo vizuri. Wiki iliyopita ukungu ulikuwa mzito na maumivu yalikuwa yamepanda mpaka mgongoni. Shangazi alipoanza kufunga chupa, dada alimshika mkono.

"Niachie, shangazi. Siku mbili tu. Atakaa nayo mdogo wangu, ataifungia kabatini."

"Hapana, mwanangu."

"Unafikiri nitakunywa?"

"Sijui utafanya nini. Nawe hujui."

Dada alimtazama. Nilidhani atakasirika, au atalia. Alimwachia mkono, akajigeuza taratibu upande wa pili, kwa uchungu uliotufanya wote wawili tuinuke kumsaidia, akapandisha fulana yake mgongoni.

"Basi kabla hujaenda," alisema, "anza hapa tena."

Shangazi akaweka mkoba chini, akafungua chupa.